Uliza Mlango Upi: Dawa za Mapigo ya Moyo kwa Wenye Ugonjwa wa Kurithi

Hotuba kwa wazazi, walimu na wauza dawa, Tanga. Nimeiandika yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Michoro ya ukutani nimeiacha.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wauza dawa nawasalimu kwa namna ya pekee, maana nusu ya maneno yangu ya leo yanawahusu ninyi.

Nianze na swali. Nani humu ndani ana vidonge vya propranololi, mkobani au nyumbani? Nyoosheni mikono, msiogope. Naam, naiona. Na nani amewahi kumgawia jirani kimoja kwa sababu jirani alilalamika moyo unamwenda mbio? Mikono imeshuka, lakini vicheko nimevisikia.

Sikuja kugombana. Nimekuja kueleza kwa nini kidonge hicho hicho kinaweza kumwokoa mtoto wa huyu, kisimsaidie lolote mtoto wa yule, na kwa nini kidonge kingine kinachomponya mmoja kinaweza kumuua wa pili. Wote wawili watasema "nina tatizo la moyo". Wote wawili watasema "mapigo yangu si ya kawaida". Mimi mfamasia nikisikia hivyo nauliza jambo moja tu: mlango upi?

Mlango wa nini? Tusogee taratibu.

Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na kila pigo huanzishwa na umeme. Umeme huo hautoki kwenye nguzo. Unatokana na madini yaliyo katika damu na maji ya mwili: sodiamu, kalsiamu na potasiamu. Ukuta wa kila seli ya moyo una milango midogo mno isiyoonekana kwa macho, na kila aina ya mlango hupitisha madini yake. Kwanza hufunguka mlango wa sodiamu, sodiamu ikaingia kwa kishindo, muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Inafuata kalsiamu, taratibu zaidi, na hiyo ndiyo inayoufanya msuli ukaze na kusukuma damu. Mwisho potasiamu hutoka nje, seli ikatulia, tayari kwa pigo jingine. Sodiamu ndani, kalsiamu ndani, potasiamu nje. Ndivyo ilivyo tangu mko tumboni mwa mama zenu.

Kwenye karatasi ya ECG, kile kipimo kinachochora umeme wa moyo, kuna kipande kinachoitwa QT. Ni muda tangu vyumba vya chini vya moyo vinapoanza kupata umeme mpaka vinapomaliza kutulia. Kikisharekebishwa kulingana na kasi ya mapigo, kwa kawaida hakivuki milisekunde 450 kwa mwanaume na 460 kwa mwanamke. Kikifika 500, daktari wa moyo anaivua miwani, anaifuta, anapima upya.

Sasa, kuna watu wanaozaliwa na hitilafu kwenye milango yenyewe. Nyama ya moyo ni nzima, mishipa ni mizima, na uchunguzi wa maiti unaweza usione kitu. Jeni inayoelekeza jinsi ya kutengeneza mlango ndiyo yenye kosa. Mara nyingi inatosha mzazi mmoja awe nalo. Kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kulirithi. Ugonjwa wa QT ndefu peke yake hukadiriwa kumpata takriban mtu 1 kati ya 2,000. Hesabuni wenyewe wanafunzi wa shule zote za mji huu.

Na dawa je? Dawa hazigusi jeni. Dawa huenda mlangoni. Nyingine huziba mlango, nyingine humzuia anayegonga hodi. Mtaalamu wa Oxford, Vaughan Williams, alianza mwaka 1970 kuzigawa katika makundi ambayo wanafunzi wa udaktari na ufamasia wanayakariri mpaka leo: la kwanza linaziba sodiamu, la pili linazuia adrenalini, la tatu linaziba potasiamu, la nne linaziba kalsiamu. Mgawanyo huo naupenda darasani. Kitandani kwa mgonjwa una tabia ya kudanganya, na nitawaonyesha.

Niwapeleke kwanza Leipzig, Ujerumani, mwaka 1856. Daktari Friedrich Meissner aliandika habari za msichana kiziwi aliyekuwa akisoma shule ya viziwi. Alituhumiwa kuiba kitu kidogo, akaitwa mbele ya mkuu wa shule. Hakuchapwa. Hakuguswa. Aliitwa tu mbele ya watu, akaanguka, akafa papo hapo. Wazazi walipoletewa habari hawakushangaa kama walivyotarajiwa. Walikuwa wamekwisha kupoteza watoto wengine wawili viziwi, mmoja baada ya hofu kubwa, mwingine baada ya hasira kali.

Walimu wangu wa shule za viziwi, mnanisikia? Miaka 101 ilipita kabla ya mtu kuelewa. Mwaka 1957, huko Norwei, Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen waliwapima kwa ECG watoto wa familia moja ambao walikuwa viziwi na walikuwa wakizimia. Wakaikuta QT ndefu. Mlango mmoja wa potasiamu unahitajika katika moyo na unahitajika pia katika sikio la ndani. Ukiharibika kabisa, mtoto hasikii, na moyo wake unachelewa kutulia. Baadaye, mwaka 1963 Italia na 1964 Ireland, madaktari wengine walieleza familia zenye QT ndefu ambazo masikio yao ni mazima. Hao ndio wengi.

Adrenalini ina kazi gani hapa? Mtu akishtuka, akikimbia, akikasirika, adrenalini humwagika na moyo ukaenda mbio. Moyo unaokwenda mbio unatakiwa pia utulie haraka kati ya pigo na pigo, kwa hiyo adrenalini huufungulia zaidi mlango ule wa potasiamu. Kwa mwenye aina ya kwanza ya QT ndefu, mlango huo ni mbovu. Hodi inapigwa, mlango haufunguki. Mapigo yanaongezeka kasi, QT haifupiki ipasavyo, pigo jipya linaingia kabla la zamani halijaisha, na moyo unaanza kutetemeka bila kusukuma damu. Mtoto anaanguka. Mara nyingi mtetemo huisha wenyewe, anaamka, anafuta vumbi. Siku nyingine hauishi.

Ndiyo maana aina ya kwanza hujitokeza katika mbio na hasa katika kuogelea. Tanga ni mji wa bahari, tunazika vijana waliojua kuogelea kuliko samaki, na tunasema maji yamewachukua. Si wote ni maji. Aina ya pili huamshwa na mlio wa ghafla: simu, saa ya kuamshia, honi. Ya tatu hupendelea usingizini. Na wengi wao, kabla ya kupatikana ukweli, huwa wameshapewa jina la kifafa na wanameza dawa za kifafa. Mtoto anayeanguka katikati ya mbio, au anayeanguka kengele ikilia, nawaomba apimwe ECG kabla hajaitwa mwenye kifafa. Na kila mtoto aliyezaliwa kiziwi apimwe mara moja. Ni dakika chache na haiumi.

Dawa ya kwanza ya watu hawa ndiyo ile mliyonyooshea mikono. Mskoti James Black aliibuni propranololi mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwalenga wenye maumivu ya kifua, na mwaka 1988 akapewa Tuzo ya Nobel. Propranololi haiurekebishi mlango wa potasiamu. Inamzuia mgonga hodi: adrenalini ikija, inakuta nafasi yake imekaliwa. Moyo hausukumwi kufika kasi ambayo milango yake haiwezi kuihimili.

Kuna ukoo Afrika Kusini unaotufundisha hili vizuri. Kosa lao katika jeni ya KCNQ1, jeni ya mlango ule wa aina ya kwanza, limefuatiliwa kurudi nyuma mpaka kwa mume na mke wa asili ya Kiholanzi waliooana huko Rasi karibu mwaka 1690. Mbegu ile imesambaa katika familia nyingi, na ni kali: karibu wanane kati ya kila wabebaji 10 waliochunguzwa walikuwa wameshapata dalili. Lakini si wote sawa. Watafiti waliona kwamba wale ambao mapigo yao yalikuwa ya taratibu wakiwa wamepumzika walipata matukio machache. Kosa lile lile, babu yule yule, mapigo tofauti.

Wauza dawa, hapa nina neno. Mgonjwa anakuja na karatasi ya propranololi au ndugu yake nadololi, hamna, mnampa metoprololi kwa sababu "zote ni kundi moja". Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wagonjwa wa QT ndefu waliokuwa na dalili walianguka zaidi walipotumia metoprololi kuliko wenzao wa propranololi na nadololi. Kwa presha ya damu huenda mngesameheka. Kwa ugonjwa huu, msibadilishe bila kumpigia daktari. Vilevile propranololi haipewi mwenye pumu, haiachwi ghafla, na mtoto mdogo anayeitumia asikae na njaa muda mrefu, sukari yake inaweza kushuka.

Je, inafanya kazi kweli? Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 216 wa aina ya kwanza waliopewa dawa hizi na kufuatiliwa kwa miaka mingi. 12 kati yao moyo ulisimama, baadhi wakafa. Mtu angesema basi dawa imeshindwa. Watafiti wakauliza swali ambalo sisi wafamasia tunalipenda: siku hiyo alikuwa amemeza? Wanane walikuwa hawazitumii kama walivyoelekezwa. Wawili walikuwa wanatumia dawa nyingine inayorefusha QT. Mmoja alikuwa na makosa yote mawili. Amebaki nani? Mmoja. Kati ya 12, mmoja tu ndiye tunayeweza kusema alimeza dawa yake sawasawa, hakuchanganya na kitu, na bado moyo ukasimama.

Dawa nyingine inayorefusha QT. Tukae hapo kidogo, maana hapo ndipo duka la dawa la mtaani linapoingia.

Kuna mlango wa pili wa potasiamu, ule unaoharibika katika aina ya pili ya QT ndefu, ambao kwa umbile lake hunasa vidonge vya kila namna. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kifua, au kichaa, au malaria, ikipita karibu inaingia humo na kuuziba. Eritromaisini. Azithromaisini. Klarithromaisini. Flukonazoli ya fangasi. Haloperidoli ya wagonjwa wa akili. Domperidoni ya kutapika. Klorokwini, ambayo wazee mnaikumbuka kwa kuwashwa. Kwinini. Halofantrini, ambayo iliwahi kuuzwa sana kwetu. Bedakwilini ya kifua kikuu sugu. Hata karatasi iliyomo ndani ya pakiti ya dawa mseto ya malaria, ALu, inaonya kuhusu mwenye QT ndefu ya kuzaliwa.

Msinielewe vibaya! Kwa mtu asiye na hitilafu nyingi kati ya hizi ni dawa njema kwa kipimo chake, na malaria isiyotibiwa inaua haraka kuliko QT. Ninachosema ni kwamba mwenye ugonjwa huu akiumwa malaria aende hospitali, aseme hali yake, apimwe ECG, daktari achague. Asinunue dirishani. Na akihara au kutapika, anapoteza potasiamu, na hapo hata mlango uliobaki unafanya kazi vibaya. Maji ya ORS kwake ni dawa ya moyo. Miraa na vinywaji vya kuongeza nguvu aviache kwa wengine.

Aina ya tatu nitaipita haraka. Hapa potasiamu haina kosa. Mlango wa sodiamu ndio hauzibi vizuri, unavuja kidogo kidogo wakati ulipaswa kuwa umefungwa. Nani aling'olewa jino akachomwa sindano ya ganzi? Dawa ile, lignokeini, inafanya ganzi kwa kuziba milango ya sodiamu ya mishipa ya fahamu. Ndugu yake anayemezwa anaitwa meksiletini. Mwaka 1995 watafiti walionyesha kwamba meksiletini huifupisha QT ya wagonjwa wa aina ya tatu kwa kiasi kikubwa, kwa sababu inaziba uvujaji ule ule. Dawa imekwenda moja kwa moja kwenye mlango mbovu. Hilo ndilo tunaloliota kwa magonjwa yote, na ni mara chache tunalipata.

Sasa nimefika kwenye hadithi ninayoipenda kuliko zote. Ya kwinini.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mfanyabiashara mmoja Mholanzi alikwenda kwa daktari Karel Wenckebach akilalamika mapigo ya moyo yanaruka ovyo. Ulikuwa mtetemo wa vyumba vya juu, wala si wa kurithi. Daktari akamwambia hana uwezo wa kuuondoa. Yule bwana alikuwa mtu wa mambo yaliyonyooka. Akasema, kesho asubuhi nitarudi hapa mapigo yakiwa sawa. Akarudi, na mapigo yalikuwa sawa. Alikuwa amemeza gramu moja ya kwinini, dawa aliyokuwa akiitumia dhidi ya malaria katika nchi alizofanyia biashara, na aligundua mwenyewe kwamba inampanga moyo. Mgonjwa amemfundisha daktari! Wenckebach, kwa uungwana, aliliandika jambo hilo mwaka 1914. Mwaka 1918 Walter Frey akazijaribu dawa za gome la mti wa mkwinini, akaona pacha wa kwinini aitwaye kwinidini ana nguvu zaidi kwa moyo.

Kwinidini ikatumika dunia nzima kwa miongo mingi. Ikaua pia. Baadhi ya waliopewa walikuwa wakizimia, na mwishowe ikajulikana kwa nini: huziba sodiamu, lakini huziba na potasiamu, ikairefusha QT. Kwa hiyo madaktari wakaikimbia, wakaenda kwenye dawa mpya. Nani angeililia?

Twendeni Thailand, kaskazini mashariki. Vijana wa kiume wenye afya, wakulima na wafanyakazi, wanakwenda kulala wakiwa wazima, usiku wanakoroma kwa ajabu, asubuhi wamekufa. Wenyewe wanaita lai tai. Wafilipino wanaita bangungot. Sisi tungesema amekabwa na jinamizi. Vijijini huko Thailand walisema ni roho za wajane zinazotafuta waume, na wanaume wengine wakawa wanalala wamevaa nguo za kike ili roho zipotee njia.

Mwaka 1992 ndugu wawili, Pedro na Josep Brugada, walieleza wagonjwa wanane wenye mchoro wa pekee wa ECG ambao mioyo yao ilikuwa imesimama bila sababu ya kuonekana. Mwaka 1997 Koonlawee Nademanee na wenzake wakaonyesha kwamba vifo vingi vya Thailand ni ugonjwa huo huo, unaoitwa sasa Brugada. Mlango gani? Mara nyingi ni wa sodiamu, lakini kosa lake ni kinyume cha aina ya tatu: unaingiza sodiamu kidogo mno. Sodiamu ikipungua, mlango mmoja wa potasiamu unaofunguka mapema sana katika kila pigo unapata nguvu kupita kiasi, na katika chumba cha chini cha moyo, upande wa kulia, umeme unavurugika. Homa huzidisha. Usingizi huzidisha.

Wakawajaribu hawa kwa dawa ya kuzuia adrenalini, kundi la propranololi yetu, dhidi ya kifaa cha kushtua moyo kinachopandikizwa kifuani. Matokeo yalitoka mwaka 2003. Waliokufa wote walikuwa upande wa vidonge. Wote. Dawa inayomlinda mtoto anayezimia kwenye kuogelea haikumlinda mwanaume anayefia usingizini. Mnaona sasa kwa nini nilikataza kugawiana?

Na dawa iliyowasaidia ni ipi? Kwinidini! Ile iliyokimbiwa. Inauziba ule mlango wa potasiamu wa mapema, nguvu zikarudi kwenye mizani. Vitabuni imepangwa kundi la kwanza, kundi la kuziba sodiamu, na kwa Brugada kuziba sodiamu ni sumu. Ukifuata kundi hutampa kamwe. Ukifuata mlango utampa. Hapo ndipo ninaposema mgawanyo wa darasani unadanganya.

Lakini ipo? Mwaka 2006 mtengenezaji mkubwa aliacha kuitengeneza, soko lilikuwa dogo na dawa ni ya bei ndogo. Daktari Sami Viskin na wenzake waliwauliza madaktari wa nchi 131, wakachapisha majibu mwaka 2013: ilipatikana kwa urahisi katika nchi 19 tu. Katika nchi 99 haikupatikana kabisa. Dunia ina vidonge vya kila rangi vya nguvu za kiume, na haina kidonge cha gome la mti kinachowalinda wanaume wasifie usingizini. Mniwie radhi wazee, lakini hilo linaniudhi.

Kwa mwenye Brugada ambaye hana kwinidini, jambo la kwanza ni kuwahi homa. Parasetamoli mapema, kipimo cha malaria mapema. Anayeshauriwa kuwekewa kifaa awekewe. Hiyo ni mada ya daktari wa upasuaji, siiingilii.

Nimalizie na dawa yenye historia ngumu kuliko zote. Flekainidi.

Miaka ya 1980 nchini Marekani fikra ilikuwa hivi: mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo akiwa na mapigo ya ziada yuko hatarini kufa ghafla, basi tuyazime mapigo ya ziada. Flekainidi iliyazima vizuri sana. ECG zilipendeza. Madaktari wengi wakaandika dawa hiyo. Kisha utafiti ulioitwa CAST ukawagawa wagonjwa, wengine dawa, wengine vidonge visivyo na kitu. Mwaka 1989 wakaisimamisha sehemu ya dawa hiyo kabla ya muda wake. Hesabu kamili ilipotoka mwaka 1991, kati ya watu 755 waliopewa flekainidi au mwenzake enkainidi walikufa 63. Kati ya 743 waliopewa vidonge vitupu walikufa 26. Karatasi ilikuwa nzuri, mtu amekufa. Flekainidi huziba sodiamu, na moyo wenye kovu, ukizibwa sodiamu, umeme hukwama na kujizungusha.

Je, flekainidi ikatupwa? Subirini.

Kuna ugonjwa wa kurithi ambao ECG ya mapumziko ni safi kabisa. Mfaransa Philippe Coumel na wenzake waliueleza mwaka 1978. Madaktari wanauita CPVT. Mtoto akikimbia au akihamaki, mapigo yanavurugika na anaanguka. Mwaka 2001 kosa lilipatikana: ndani ya seli ya moyo kuna ghala la kalsiamu, na mlango wa ghala hilo unavuja adrenalini inapokuja. Walipewa propranololi na nadololi, zikawasaidia wengi, si wote. Mwaka 2009 kundi la Björn Knollmann likatangaza kwamba flekainidi iliwatuliza panya wenye ugonjwa huo na wagonjwa wawili waliokuwa wameshindwa na dawa za kawaida. Leo huongezwa juu ya dawa ya kuzuia adrenalini. Wataalamu bado wanabishana kama inauziba mlango wa ghala wenyewe au inapunguza sodiamu hata mtetemo ukakosa pa kuanzia. Mimi nadhani yote mawili yana sehemu yake. Mtoto hajali ubishi huo, yuko uwanjani anacheza taratibu.

Na kwa mwenye Brugada? Flekainidi ni mwiko. Ni mwiko kiasi kwamba hospitalini, mbele ya mashine ya kushtua moyo, hudungwa makusudi ili kuufichua mchoro uliojificha kwenye ECG. Kidonge kimoja, ndugu zangu: kimeua wenye kovu la moyo, kinawalinda watoto wa CPVT, na kwa wenye Brugada ni kipimo cha hatari.

Maswali yalikuwa mengi, mengine nimeyajibu pembeni. Moja naliweka hapa. Dada mmoja mwenye QT ndefu ya aina ya pili, mjamzito, aliuliza kama aache propranololi akikaribia kujifungua, kwa kuwa mama mkwe anaogopa itamdhuru mtoto. Nikamjibu asiiache, si sasa wala akishajifungua. Kwa mwenye aina ya pili, miezi tisa baada ya kujifungua ndiyo yenye hatari kubwa kuliko mimba yenyewe: usingizi unakatika, mtoto analia ghafla usiku, na kilio cha ghafla ndicho hasa kinachoamsha aina hii. Propranololi hupita kidogo sana kwenye maziwa, ataendelea kunyonyesha. Ajifungulie hospitali, wauguzi wamwangalie mtoto mapigo na sukari siku za mwanzo. Na huyo mtoto apimwe ECG akiwa bado mchanga, maana naye ana nusu kwa nusu. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni yake. Aliniuliza jina la dawa mara ya pili, akaomba limwandikiwe kwenye karatasi kwa herufi kubwa.